Meza ya Shabaha

Alipiga simu saa ya chai: "Fundi Lyatuu, nataka meza
isiyotikisika hata nikikohoa juu yake."
Nimetengeneza makabati ya maharusi wa Pasua,
majeneza, kitanda cha mchungaji kilichorudishwa mara mbili,
lakini meza ya kuegemezea bunduki ya upepo,
hiyo bado.

Nikapanda Kibosho na futi na pima maji.
Uwanja wenyewe ni kipande cha nyasi nyuma ya migomba,
umelala ubavu kama mtu aliyeshiba kiburu.
Ndeanasia akanyoosha kidole: kule, hatua thelathini,
makopo ya nyanya yananing'inia kwa kamba za mgomba,
na nyuma yake tuta la udongo, refu kunipita,
risasi isije ikaenda kwa jirani kuomba chumvi.

Miguu minne, nikasema. Akatikisa kichwa.
"Mitatu. Ardhi kama hii minne hugombana,
mmoja lazima ubaki hewani.
Bibi yangu hakuinjika chungu juu ya mafiga manne."
Nikanyamaza. Miaka ishirini na sita ya randa,
na hesabu bado nafundishwa na jiko.

Nikachagua mringaringa uliokaa darini masika matatu,
si mgrevilea, unaopinda mvua ikitajwa tu.
Bolti, si misumari; msumari hulegea huku unakuchekea.
Miguu nikaitanua kama ng'ombe anayekojoa,
samahani kwa mfano, lakini ndivyo inavyosimama,
na chini ya kila mmoja jiwe bapa la mto Karanga,
nimelizika mpaka likasahau maji.

Ubao wa juu, unene wa vidole vitatu.
Kushoto nikaukata mwezi mchanga, kifua kiingie,
kulia nikaacha bawa, kiwiko kipumzike.
Nikaweka glasi ya maji, imejaa hadi mdomoni,
nikapiga ubao ngumi.
Maji yakakunja uso,
yakatulia.
Nikajiona mtu.

"Mwite mzee ajaribu," nikasema.
Mzee alikuwa barazani na gazeti lake, hakuinuka.
Akakaa yeye, Ndeanasia.
Akatandika kifuko cha gunia la kahawa, kimejaa mchanga,
akalaza bunduki, akaipa shavu,
shavu la kushoto,
na kiwiko kikashuka ndani ya mwezi wangu,
kikaning'inia pale, hakina pa kukaa,
kama ule mguu wa nne.

"Darasa la pili walinifunga mkono huu kwa katani,"
alisema bila kugeuka,
"niandike kwa ule wa watu.
Wewe hukuuliza."

Sikuuliza. Nilipima mteremko, nikapima kimo cha kiti,
nikapima jua la saa kumi litaingia jicho gani.
Ndani ya pima maji kiputo kilikuwa kimetulia katikati,
hakimjui wa kulia wala wa kushoto,
nami niliyekinunua
sikujifunza kitu.

Nikafungua bolti tatu. Ubao nikaugeuza kifudifudi;
bawa likahama upande, mwezi nao.
Ila uso wa juu sasa ulikuwa ule wa chini,
haujaonja randa, una meno ya msumeno na wino wa mbao.
Nikashika randa. Akanishika mkono.
"Acha. Pakikwaruza, mfuko hautateleza."

Kisha akavuta pumzi, akaiachia nusu.
Haukuwa mlio. Ni mtu kutema mbegu ya pera.
Kopo la tatu likageuka, likageuka tena,
likaonyesha tundu.
"La ngapi?" barazani gazeti likauliza.
"La tatu."
"Ulisema la pili."
"Upepo," akasema, na wote wawili wakajua si upepo.

Akanilipa kwa mkono uleule.
Nilisita, nakiri. Kwetu mtu hupewa kwa kulia.
Nikapokea.

Nyumbani meza yetu ya chakula ina kipande cha boksi
chini ya mguu mmoja, tangu tuoane.
Jana nilikitazama muda mrefu, uji unapoa.
Sijakiondoa.